Mbuzi wa Mzee wa Katilu

Ile karatasi ilikuwa bado ina joto la mashine Reuben alipoichana. Aliichana mara moja, akaona haitoshi, akaichana tena na tena, halafu vipande akavitia mfukoni mwa shati kama mtu aliyepewa chenji yake. Mama mwenye duka la kuchapisha akamtazama Byron. Byron akatazama feni juu.

Mtu yeyote wa Lodwar angekuambia huyo siye Reuben wanayemjua. Wanayemjua ni yule wa miaka arobaini na saba, tumbo limeanza kumtangulia mlangoni, ana diploma yake ya maendeleo ya jamii ameitundika ukutani juu ya televisheni isiyowaka, na kila shirika likileta wageni wasiojua Kiturkana, yeye ndiye huitwa akatafsiri. Ndiye pia huitwa matangani. Akishaketi kwenye msiba akaanza hadithi zake, wajane hucheka mpaka wanamwomba marehemu msamaha. Lakini safari hii marehemu alikuwa babu yake mwenyewe, na picha iliyokuwa kwenye karatasi ile ilikuwa ya babu yake, na Reuben alijisikia kama amemeza kaa la moto.

Karatasi yenyewe ilikuwa jalada la kile kitabu kidogo cha mazishi, kile chenye maisha ya marehemu, ratiba na nyimbo. Juu jina: Mzee Lomunokol. Chini yake mzee mkavu amekaa mchangani, kichwa kimenyolewa, shingo tupu, mbavu unaweza kuzihesabu ukiwa ng'ambo ya barabara, na mkono mmoja ameunyoosha mbele, kiganja wazi, kama anaomba. Picha hiyo haikuwa ngeni kwa mtu. Ilishakaa kwenye kalenda, ikakaa kwenye fulana, na kwa miaka karibu mitatu ilikuwa kwenye bango kubwa nje ya geti la shirika moja pale Lodwar, na maneno chini yake: Hajala siku tatu.

Byron, mtoto wa baba mdogo, alikuwa amevaa tai katika joto lile. Akamweleza Reuben taratibu, kwa ile sauti ya ofisini. Kwamba picha nyingine ya Babu hakuna, ile ya kitambulisho inaonekana kama kivuli cha kuku. Kwamba shirika limekubali kusaidia mazishi: tenti mbili, gari la maji, mchele, maharagwe, mafuta. Wanachotaka wao ni bango lile litundikwe bomani siku hiyo, na Bwana Hilaire, yule aliyepiga picha, apewe nafasi aseme maneno mawili. Kwamba Jumamosi watakuja watu mia mbili na zaidi, mbuzi wa familia wamebaki wa kuhesabu kwa vidole, na Shangazi Awoi ameshakubali. Kisha akauliza, kwa adabu kabisa, kama Reuben ana chakula cha watu mia mbili nyumbani kwake.

"Hiyo si sura ya Babu," Reuben akasema.

"Ni sura ya nani sasa?"

Jibu Reuben alikuwa nalo. Alikuwa nalo miaka yote hiyo na hakuwahi kumpa mtu.

"Nipe mpaka kesho jioni," akasema. "Picha nitaleta. Na hilo bango mkilitundika kwa boma ya Babu, nitalikata nikiwa nimevaa suti."

Akatoka. Nje jua lilimpiga usoni, naye akafurahi kupigwa na kitu.

Babu Lomunokol alikuwa mwembamba tangu ujana. Si wa njaa, mwembamba wa kuzaliwa, kama mkuki ulivyo mwembamba. Alikuwa akisema Mungu alipofika kwake udongo ulikuwa umekwisha, akamalizia na kamba. Asubuhi angeketi na wazee wenzake wakaanza mbuzi na kumaliza mpaka kongoro, mchana ukimkuta njiani ungetaka kumchangia.

Yeye ndiye aliyemlea Reuben baada ya baba yake kufa. Maziwa yakikamuliwa alfajiri, povu la juu lilikuwa la Reuben, na ole wake mtu mzima aliyelitia mdomo kwanza. Alimfundisha kusoma nyayo za mbuzi mchangani mpaka akajua yupi anachechemea, yupi ana mimba na yupi ni mwizi. Siku ya kumpeleka shule alimshika mkono mpaka mbele ya mwalimu, akasema: huyu akikosea mpige, lakini nikisikia umempiga kwa sababu amecheka, nitarudi. Na Reuben alipokuja na ile diploma, mzee aliinusa, akaigeuza, akauliza ni ngozi ya mnyama gani. Kisha akatembea nayo maboma matano akiwaonyesha watu, na ilirudi ina mafuta ya kondoo kila kona. Madoa hayo yapo mpaka leo, pale juu ya televisheni.

Ila mapenzi yake makubwa, na hakuyaficha, yalikuwa kwa Lokori.

Mwanamume wa Kiturkana wa zamani ana ng'ombe wake mmoja, maksai, ambaye si wa kuuza wala wa kuchinja hivi hivi. Ni wake kama jina lilivyo lako. Anamtungia wimbo, na wenzake wanamwita yeye kwa jina la yule ng'ombe. Lokori alikuwa na mabaka kama ya twiga, na ndiyo maana ya jina lake, kwa hiyo kwa wazee wenzake Babu hakuwa Lomunokol. Alikuwa Apalokori, baba yake Lokori. Tangu ndama akiwa na pembe za kidole, mzee alizifinyanga kidogo kidogo kwa kamba na kwa subira, mwaka baada ya mwaka, mpaka moja ikaenda mbele na nyingine ikarudi nyuma. Akiimba wimbo wake alisimama, akanyoosha mkono wa kulia mbele, wa kushoto nyuma, akakanyaga mchanga taratibu, na watoto wakakimbia kwa sababu ghafla hapakuwa na babu pale, palikuwa na ng'ombe.

Mwaka ule wa ukame mkubwa, Lokori alivuka lami, ile barabara ya Lodwar kwenda Kakuma, na lori likamgonga. Akafa pale pale.

Babu alirudi bomani. Akavua shanga za shingoni. Akang'oa unyoya wa mbuni kichwani, akanyoa nywele zote, akakaa mchangani. Wakamchinjia mbuzi, hakugeuka. Wakamletea maziwa, mtungi ukabaki palepale ukikusanya nzi. Amefiwa na jina lake, wazee wakasema, mwacheni. Siku ya kwanza ikapita, ya pili ikapita.

Siku ya tatu ndiyo Hilaire alifika na kamera, na mtafsiri wake alikuwa Reuben.

Haikuwa mipango. Walikuwa na juma zima la kuzunguka maboma, na boma lile lilikuwa njiani, ng'ambo ya lagga Tarach, ule mto mkavu wa mchanga, kabla hujaingia Kakuma. Hilaire ni Mkongomani mkubwa wa mwili, roho laini, machozi yake yako karibu kama ya mtoto. Siku ile alikuwa anakimbilia ndege ya mchana Lodwar. Akamwona mzee yule mchangani, akashika kifua. Akamwomba Reuben amuulize alikula lini mara ya mwisho.

Babu akajibu. Alianza na mama yake Lokori, ng'ombe mwekundu aliyetoka Lokiriama kule mpakani, jinsi alivyovuka milima na mimba yake. Akaeleza ndama alivyozaliwa mvua ikinyesha. Akaeleza mabaka, moja moja, lile la begani na lile la karibu na jicho. Akafika kwenye pembe, na hapo, kwa mara ya kwanza tangu msiba, akainua mikono, mmoja mbele, mmoja nyuma, ili mgeni aone. Kamera ikalia. Babu akaendelea, dakika kumi na zaidi, mpaka akafika kwenye lami, akanyamaza.

Hilaire akatazama saa. Akauliza anasemaje.

Reuben alikuwa na njaa, dereva alikuwa amewasha gari, na mdomo wake umezoea kufupisha. "Siku tatu," akasema.

Basi. Ng'ombe mzima, mama yake, milima ya Lokiriama, mvua, pembe za miaka kumi, yote yakawa maneno mawili. Na yalikuwa ya kweli, hapo ndipo palipomuuma baadaye, kwamba hata uongo hakusema. Tena garini akaifanya kichekesho, jinsi mzee alivyoongea mpaka jua likasogea na yeye akatoka na maneno mawili tu, na dereva akacheka mpaka akakosa gia. Kichekesho hicho alikirudia sehemu nyingi, mpaka siku lile bango liliposimama Lodwar. Mkono wa nyuma walikuwa wameukata. Umebaki ule wa mbele, kiganja wazi.

Pale ndipo angesema. Angeingia getini na kusema. Lakini wiki hiyo hiyo shirika lilikuwa limemwita kazi nyingine, naye akajiambia ataingia Jumatatu.

Kisha Babu akaja Lodwar kutibiwa macho. Alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, anaona ukungu na vivuli. Walipokuwa wakipita mbele ya lile geti akasimama, akainua uso. Bango kubwa lile hata kipofu angelihisi. Akauliza ni mzee gani yule amekaa vibaya vile, na pale chini wameandika nini. Reuben akamsomea. Na jina lake nani, mzee akauliza, na wa wapi?

"Ni mzee mmoja tu," Reuben akasema. "Wa Katilu."

"Katilu kwenye mto? Katilu kwenye mahindi?" Babu akashangaa. "Ameshindwaje kula Katilu?"

Reuben akasema ndege walimaliza mahindi yake. Babu akasikitika, akatikisa kichwa, wakaenda zao hospitali. Reuben alidhani yameisha.

Wiki mbili baadaye, Probox moja ikasimama nje ya nyumba yake, na ndani ya buti, miguu imefungwa, alikuwamo mbuzi jike mwenye maziwa, mweupe, sikio moja limekatwa kwa alama ya ukoo. Dereva alikuwa na ujumbe. Mzee Lomunokol anasema mpelekee mzee wa Katilu, na usichelewe, mtu wa rika lile hawezi kukaa siku ya nne.

Reuben alisimama na yule mbuzi uani mpaka mkewe akatoka kuuliza kama wameoana. Hakuna mzee wa Katilu wa kumpelekea. Kumrudisha, atasema nini? Akamfungia pale pale. Akazaa. Wanawe wakazaa. Na kila Babu alipopiga simu, kabla ya salamu kwisha, aliuliza mzee wa Katilu ameshiba? Na Reuben, ambaye Mungu alimpa mdomo badala ya uti wa mgongo, akaanza kutunga. Ameshiba. Ameota kitambi. Ameoa tena, mwanamke mkali, anamfukuza mpaka shambani. Babu alicheka kwenye simu mpaka akakohoa, na siku ya pili alipiga tena kuuliza yule mwanamke amepoa?

Mwezi uliopita, kwenye kitanda cha hospitali, sauti ikiwa imebaki kama ya karatasi, aliwaaga watoto wote kwa majina. Reuben alipoinama, mzee alimwambia: "Yule rafiki yangu wa Katilu. Mwambie asikamue yote. Amwachie ndama wa mbuzi."

Yalikuwa maneno ya mwisho aliyomwambia.

Kwa hiyo alfajiri ya Alhamisi Reuben alikuwa barabarani kwenda Kakuma, na njia nzima alikuwa akigombana kimoyomoyo. Alianza na Byron na tai yake. Akaja kwa Hilaire na machozi yake ya bure. Akamshukia aliyebuni kalenda, akamshukia aliyekata mkono. Alipovuka Tarach alikuwa amewamaliza wote, na hasira ilikuwa bado nzima, haijapungua hata kipande, ikitafuta wa kumwangukia.

Aliyekuwa akimwendea Kakuma ni Guled. Guled ni Msomali, dereva wa malori wa miaka mingi, sasa ana hoteli ya chai karibu na stendi, na ndiye aliyekuwa kwenye usukani siku Lokori alipovuka lami.

Wengine wangekuja na wazee na hesabu za fidia. Watu wa Guled walikuja hivyo, Babu akawafukuza bila kuwatazama. Siku ya nne akaja Guled peke yake, kwa miguu, na sinia ya wali kichwani, akaketi mchangani mbele yake na kusema ni mimi. Babu alimuuliza mambo mawili tu: Lokori alilia? Na alianguka upande gani? Guled akamwambia yote, hakuruka kitu, alilia hivi, aliangukia upande wa kulia, macho yaliangalia huku. Alipomaliza, walikuwa wanalia wote wawili. Kisha Babu akavuta sinia, akala. Tangu siku hiyo hakuna lori la Guled lililopita pale bila kusimama, na hakuna chai aliyokunywa Babu bila kusema ya Guled ni tamu zaidi.

Reuben akasalimia, ejok, akajibiwa ejok-nooi kwa lafudhi ya Kisomali. Akapewa pole na kikombe. Akaeleza shida yake. Guled akatoa simu, akapekua kwa kidole gumba kwa muda mrefu, akamgeuzia.

Alikuwa yeye. Babu amesimama kando ya lori, unyoya umerudi kichwani, shanga zimerudi, mdomo wazi mpaka lile pengo la meno ya chini linaonekana lote, mkono mmoja mbele, mmoja nyuma. Nyuma yake Bi Ebyan, mkewe Guled, ameshika birika na anacheka mpaka limemwagika.

"Wewe nauliza kitu," Guled akasema. "Ile bango ya Lodwar. Mimi napita pale na lori, naona rafiki yangu, wameandika yeye hajala. Nauliza watu nani alisema hivyo. Wananiambia Reuben."

Reuben akasema ilikuwa haraka, kulikuwa na ndege, Hilaire hakutaka kusikiliza. Akasema mengi. Guled alimwacha amalize mpaka mwisho, kama Babu alivyomwacha yeye amalize siku ile.

"Mimi niliua ng'ombe yake," akasema. "Nikaenda, nikakaa chini, nikamwambia ni mimi. Wewe ulienda lini?"

Reuben alitaka kumpiga. Wallahi, angekuwa mtu wa kupiga angempiga, pale pale katikati ya wateja na mandazi. Mkono ulishakunja ngumi juu ya meza. Halafu akaona ngumi yenyewe imeshikilia vile vipande vya karatasi vya jana, hajui alivitoa mfukoni saa ngapi. Hasira iliyokuwa inamtafuta mwenyewe ikawa imempata.

Hakurudi Lodwar moja kwa moja. Picha akamrushia mama wa duka la kuchapisha kwa simu, akampigia aweke hiyo, asimuulize Byron. Kisha akavuka lagga kwenda bomani. Shangazi Awoi, binti mkubwa wa Babu, alikuwa kivulini akishona ngozi, kichwa kimenyolewa kwa msiba. Reuben akaketi mchangani mbele yake, si kwenye jiwe, mchangani, akasema. Hakufupisha. Alisema maneno mawili aliyoyatoa, na dakika kumi alizozimeza. Akasema habari za bango, macho ya Babu, uongo wa Katilu, mbuzi, yule mke mkali.

Awoi aliacha kushona alipofika kwenye mbuzi. Taya zikafanya kazi kwenye tumbaku.

"Baba alikuwa ananisimulia huyo mtu," akasema mwishowe. "Kila jioni. Alipooa tulikunywa maziwa hapa, tukamwombea." Akatema tumbaku pembeni, karibu sana na kiatu cha Reuben. "Mimi pia nilimwombea, mpumbavu wewe. Mtu ambaye hayuko."

Reuben akavuta mguu nyuma.

"Na baba alikufa anadhani ana rafiki Katilu."

"Ndiyo, Shangazi."

"Wale mbuzi wamefika wangapi?"

"Kumi na mmoja. Madume saba."

Awoi akachukua sindano yake tena. Alishona mishono minne au mitano, akaivuta kwa nguvu mpaka ngozi ikalia.

"Watu wa Jumamosi watakula mbuzi wa mzee wa Katilu," akasema. "Mpigie Byron. Mwambie tenti na mchele sitaki. Ukinyamaza tena safari hii, na wewe nitakufukia."

Byron alipiga kelele kwenye simu dakika ishirini. Alisema wameaibishwa, alisema atakosa pa kuuficha uso ofisini, alisema mbuzi saba kwa watu mia mbili ni harufu tu si nyama. Mwishowe akauliza, sauti imeshuka, kama ni kweli Babu alimtumia mbuzi mtu kwenye bango. Reuben akasema ni kweli. Byron akakata simu. Jumamosi asubuhi alifika bila tai, amebeba magunia mawili ya unga, na hakumsalimia.

Hapakuwa na tenti. Wanawake walikuwa wamesimamisha vivuli vya matawi, na watu wakajipanga chini yake kama maharagwe. Guled alileta lori zima la watu wa Kakuma, na masinia, na sukari. Akawekewa dume mmoja kando amchinje mwenyewe kwa desturi ya Waislamu. Kitabu cha mazishi kikapita mkono kwa mkono. Wazee waliokuwa hawajui kusoma walikishika karibu na pua, wakaona pengo, wakaona mikono ile miwili. Mmoja akaanza kuguna chini kwa chini, ule wimbo, na mwingine akamnyamazisha, akamwambia ngoja kwanza azikwe.

Mwili ukashushwa kando ya zizi, katekista akaomba, mawe yakapangwa juu. Ndipo likaja gari jeupe. Hilaire peke yake na dereva, bila mchele, bila maji. Bango lilikuwa juu ya gari, limekunjwa, na hakuna aliyelishusha. Alishaambiwa halitakiwi. Amekuja tu, akasema, sababu muzee yule alimupenda, na anaomba kusema maneno kidogo.

Katekista akamtazama Awoi. Awoi akamtazama Reuben.

"Atasema," akasema. "Na huyu atatafsiri."

Hilaire akasimama jasho likimtoka, machozi yameshafika. "Bandugu," akasema, "mimi nilimukuta huyu muzee hapa hapa. Alikuwa hakukulaka siku tatu. Ile siku mimi sitaisahau."

Akampisha Reuben.

Reuben akageuka kwa watu. Akasema kwa Kiturkana kwamba mgeni anasema alimkuta Babu hajala siku tatu. Uchungu ukapita kwenye nyuso kama upepo kwenye majani, kwa sababu ni aibu kubwa kwa ukoo mzee kukaa hivyo. Alimwona Guled nyuma kabisa, amesimama na birika, anamtazama.

"Ni kweli hakula," Reuben akasema. "Na chakula kilikuwepo. Mbuzi alikuwa amechinjwa, maziwa yalikuwa hapo mlipokaa. Aliulizwa kwa nini, akaeleza. Mimi nilikuwa mdomo wake siku hiyo na nilimkata. Mgeni huyu hakudanganya. Niliyemkata babu yangu ulimi ni mimi, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kwenda kula."

Hakuna aliyecheka. Kwa mara ya kwanza kwenye msiba wowote, Reuben alisimama mbele ya watu na hakuna aliyecheka, naye hakuwaomba.

"Alisema hivi," akaendelea. "Alianza na ng'ombe mwekundu wa Lokiriama."

Akaanza. Alijikuta anakumbuka yote, hata pumzi za Babu, hata mahali aliposimama kumeza mate. Ng'ombe mwekundu akapanda milima na mimba yake. Wazee wakaanza kuitikia. Mmoja akamsahihisha jina la korongo, Reuben akashukuru, akarudi nyuma, akalisema vizuri. Huko nyuma harufu ya nyama ilishaanza kutembea, watoto walishaanza kusukumana, Byron akanyanyua mkono kuonyesha tayari. Hakuna mtu mzima aliyeinuka.

Hilaire akamgusa bega. Alikuwa amechanganyikiwa, mtu mwema katika jua kali, shati limemgandama mgongoni.

"Ndugu," akanong'ona, "mimi nilisema maneno kidogo tu. Wewe unasema nini murefu hivi?"

"Siyo yako. Ni yale ya siku ile."

Hilaire akamtazama. Kitu kikaanza kuingia usoni mwake, polepole. Kisha, kwa mazoea tu, mkono wa kushoto ukainuka na macho yakaenda kwenye saa.

Reuben akaushika ule mkono, saa na kifundo pamoja, akaushusha. Hakumuumiza, lakini hakumwachia.

"Kaa chini, ndugu yangu," akamwambia. "Ndama hajazaliwa bado. Na kwenye pembe tutakaa sana."